Mwaka Niliosema Kifua Changu Ni Kizima

Tulimzika Mzee Ogutu Jumamosi iliyopita, nyumbani kwake Ahero, kwenye kipande cha ardhi kilichoinuka kidogo ambacho mafuriko ya Kano huwa hayakifikii. Njoki alikuwa ametoka Nairobi tangu alfajiri. Alipofika chini ya hema alinisalimia kwa mkono, akanizunguka, akaketi kushoto kwangu ili sikio lake la kulia, ambalo ndilo linalosikia, liwe upande wangu. Watu walisimama mmoja baada ya mwingine wakamsifu marehemu kwa namna alivyotengeneza pampu za mashamba ya mpunga, kwa uimbaji wake kanisani, kwa watoto aliowasomesha. Mpwa wake alisoma historia ya maisha yake kwenye karatasi, na alipofika miaka ya tisini alisema marehemu aliwahi kufanya kazi chuo kikuu kwa muda, kisha akaendelea na mambo ya pampu. Njoki aliniinamia akasema, "Kwa muda." Ni hayo tu. Lakini nilirudi Kisumu na maneno hayo mawili, na tangu siku hiyo sijalala vizuri, kwa sababu kati ya watu wote waliokaa chini ya lile hema ni sisi wawili tu tuliojua ule muda ulikuwa nini na ulikatizwa na nani.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, mwaka ambao gugu maji lilifunga ziwa. Mimi na Njoki tulikuwa mwaka wa tatu, wanafunzi wa elimu ya wanyama, na wasichana pekee katika kundi lililochaguliwa kujifunza kuzamia kwa mitungi ya hewa. Chuo kilikuwa na kituo kidogo cha utafiti ufukweni, nje kidogo ya mji: nyumba ya zamani yenye paa la mabati mekundu, jiko la nje, banda la mashine, na gati la mbao. Chumba chetu kilikuwa zamani stoo ya nyavu. Kuta zake zilinuka samaki hata baada ya kupakwa chokaa mara mbili, na dirisha lake lilikuwa na wavu wa mbu uliopigiliwa misumari pande zote nne, kwa hiyo halikufunguka. Ukuta mmoja tu haukuwa wa mawe, ulikuwa wa mbao, na nyuma yake ndipo ilipokuwa ofisi ya Daktari Simiyu, mhadhiri wetu. Tulijua akikohoa. Tulijua akifungua droo. Mwanzoni tulicheka kuhusu jambo hilo, tukiongea kwa kunong'ona kama watu walio kanisani.

Kazi yetu ilikuwa kuhesabu fulu, wale samaki wadogo wa miambani ambao mbuta, yule samaki mkubwa aliyeletwa ziwani, alikuwa amewala karibu kuwamaliza. Daktari Simiyu aliamini kwamba baadhi yao walikuwa bado wamejificha kwenye nyufa za mawe, na kwamba njia pekee ya kuwajua ni mtu kushuka mwenyewe na kuwatazama. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya chini, aliyevaa shati lililopigwa pasi hata pale ufukweni penye matope. Sikumwogopa. Nilitaka sana anione kuwa mtu wa maana, na sasa naona hilo lilikuwa kosa baya zaidi kuliko kumwogopa.

Mtu tuliyemwogopa alikuwa Mzee Ogutu. Alikuwa na umri wa miaka arobaini hivi, mfupi, mwenye mabega mapana, na aliwahi kufanya kazi ya kuzamia bandarini Mombasa, akikagua matumbo ya meli. Chuo kilimwajiri awe msimamizi wa usalama wa uzamiaji. Siku ya kwanza alitupanga kwenye gati akatusomea masharti polepole, na kila baada ya sharti alinyamaza kana kwamba anasubiri limezwe. Hakuna kuingia majini bila cheti cha daktari. Hakuna kuingia kabla ya kuogelea mita mia mbili bila kupumzika na kukaa unaelea dakika kumi. Hakuna kuingia peke yako. Hakuna kuingia baada ya saa nne asubuhi, kwa sababu upepo wa ziwani huanza kugeuka karibu na adhuhuri na kusukuma gugu maji ufukweni. Na kamba, lazima kamba. Maji yetu si ya bahari, mkono wako mwenyewe huuoni ukiunyoosha, kwa hiyo kila jozi ilishuka na kamba moja ndefu ambayo mwisho wake ulikuwa mkononi mwake ndani ya boti, na wawili wenyewe walifungana mikono kwa ugwe mfupi.

"Huu ugwe," alisema, "mkiwa chini hakuna mtu wa kuufungua. Mkigombana, mtagombania huku juu. Kule chini mwenzako ndiye pafu lako la pili." Kisha akatutazama mmoja mmoja. "Na kama uko na kitu mwilini mwako unaficha, niambie leo. Leo nitakuambia pole. Kesho kutwa nitakuwa nalia."

Nilikuwa na kitu. Nilikuwa na pumu tangu utotoni. Haikuwa kali, ilinijia mara tatu nne kwa mwaka, na nilikuwa na kibomba changu cha dawa ambacho nilikivuta mara mbili na kuendelea na shughuli zangu. Fomu ya afya ilikuwa na maswali kumi na mbili, na swali la sita liliuliza kama umewahi kuugua pumu au kubanwa na kifua. Niliandika hapana. Kalamu haikusita. Nilijiambia kwamba daktari atanipima na akiona kitu atasema, yaani niliacha ukweli uwe kazi ya mtu mwingine. Lakini kule zahanati hapakuwa na daktari siku hiyo. Karani alituuliza majina, akapiga muhuri fomu zetu zote juu ya meza kwa dakika chache, huku akisikiliza redio. Jioni Mzee Ogutu alizisoma moja moja kwenye mwanga wa veranda, akaweka sahihi yake chini ya kila moja. Nilimwona akiandika jina lake chini ya langu.

Mtihani wa kuogelea tuliufanya kwenye bwawa la hoteli moja mjini. Njoki aliogelea kama aliyezaliwa ndani ya maji, ingawa wazazi wake walikuwa wafanyabiashara wa Kondele waliotoka Nyeri, mbali na ziwa, na alikuwa amejifunza kuogelea shuleni tu. Mzee Ogutu hakuwa mtu wa kusifu, lakini Njoki alipotoka bwawani alimwambia, "Wewe nitakufundisha kazi yangu." Na alikuwa anamaanisha hivyo. Wiki zilizofuata alimwonyesha namna ya kuendesha kampresa ya kujazia mitungi hewa, namna ya kusikiliza vali kwa sikio, namna ya kufunga mafundo kwa mkono mmoja. Njoki alisema hataki kuwa mwalimu wala mtafiti, anataka kuwa mzamiaji. Mimi nilimcheka. Nilikuwa namwonea wivu.

Asubuhi moja mwezi Machi tuliamka tukakuta ziwa halipo. Palikuwa na shamba la kijani kuanzia gati hadi mbali kabisa, lenye maua ya zambarau, na ndege weupe wakitembea juu yake. Siku nne boti hazikutoka. Wanawake waliozoea kuja kuuza samaki hawakuja. Mvua ilikuwa imeharibu barabara, gari la chuo lilikwama matopeni kabla ya kufika kwetu likarudi mjini. Tulikula ugali na omena, dagaa waliokaushwa, mchana na usiku, kisha ugali na sukuma wiki, kisha ugali na chai. Gugu lilianza kuoza pembeni, harufu yake ikaingia chumbani kwetu kwenye lile dirisha lisilofunguka, na mpishi akawa anawasha moto wa kuni mbichi kwa sababu makaa yalikwisha. Kifua changu kilianza kulia. Nilikuwa naenda chooni na kibomba changu nimekifunga ndani ya taulo, navuta, nashikilia pumzi, nahesabu, narudi nikitabasamu. Njoki aliniuliza kama tumbo linaniuma. Nikasema ndiyo.

Siku ya tano upepo ulisukuma gugu likaondoka, maji yakaonekana mbele ya miamba. Daktari alitaka tushuke asubuhi hiyo hiyo, kwa kuwa kundi letu lilikuwa na siku mbili tu kabla ya kurudi chuoni na hatukuwa na hesabu hata moja ya maana. Lakini kampresa iligoma. Mzee Ogutu na Njoki walihangaika nayo bandani tangu saa moja. Mimi nilikuwa kitandani, nimekaa wima kwa sababu nikilala nilikosa hewa, ndipo nikasikia Mzee Ogutu akiingia ofisini upande wa pili wa mbao.

"Mitungi imejaa," alisema. "Lakini saa tano inakaribia, Daktari. Leo hatushuki."

"Upepo uko wapi, Bwana Ogutu? Tazama nje. Hata jani halitikisiki."

"Utakuja. Lile gugu halijaenda mbali, liko pale nyuma ya rasi. Likirudi na watu wako chini, nitawatoa wapi?"

"Ni jozi moja, dakika ishirini tu. Wasichana wamefaulu kila kitu. Fomu zao ziko hapa, umesaini mwenyewe."

"Fomu haipumui chini ya maji."

Palikuwa na kimya. Kisha Daktari akasema kwa ile sauti yake ya upole kwamba mkuu wa safari ni yeye, kwamba kama Mzee Ogutu hataki kushika kamba basi mwendesha boti ataishika. Nilisikia kiti kikisukumwa. Mzee Ogutu akasema, "Kamba yangu haishikwi na mtu mwingine." Akatoka.

Nimekirudia kile kimya mara nyingi kuliko sala yoyote. Ningeweza kugonga ule ukuta. Ningeweza kutoka nje niseme nina pumu, na safari ile ingeishia palepale kwenye gati, kwa sababu jozi hazikubadilishwa, na bila mimi Njoki hakuwa na mwenzi wa kushuka naye. Lakini nilikuwa nimekwisha kusema hapana kwenye fomu, na uongo ule ulikuwa umeota mizizi kwa muda wa wiki sita, na kila siku niliyokaa kimya ilifanya siku inayofuata iwe ngumu zaidi kusema. Nilivuta kibomba mara nne badala ya mbili. Nikavaa mkanda wa vipande vya risasi vya kunizamisha.

Tulishuka karibu saa tano na nusu. Kina kilikuwa kama mita sita, maji ya rangi ya chai. Njoki alikuwa mbele, kamba ndefu kiunoni mwake, ugwe ukiniunganisha naye mkono kwa mkono. Aliona fulu wawili kwenye ufa akanionyesha kwa kidole, nikaandika kwenye kibao. Kisha mwanga ukaanza kupungua. Haukuzimika ghafla, ulipungua kama chumba ambacho mtu anafunga mapazia yake moja moja. Nilitazama juu, na badala ya kioo cha maji nikaona weusi wenye nywele. Gugu lilikuwa limerudi. Kamba ilivutwa mara tatu, ishara ya kwamba tupande, na Njoki akaijibu kwa mivuto mitatu kama tulivyofundishwa. Alikuwa mtulivu kabisa. Alinigusa bega, akanionyesha tufuate kamba taratibu.

Kifua changu kikafunga. Mtu asiye na pumu hudhani kwamba mgonjwa anakosa hewa ya kuingiza. Sivyo. Ni hewa iliyo ndani ndiyo inayokataa kutoka, umejaa na huwezi kujimwaga. Nilivuta kutoka kwenye mtungi na hakikuingia kitu. Nikawaza jambo moja tu, juu, na juu palikuwa karibu, nilipaona. Nikaufungua ule ugwe. Nakumbuka fundo lenyewe, na nakumbuka uso wa Njoki nyuma ya kioo cha miwani yake akitazama vidole vyangu.

Nilipanda moja kwa moja hadi kwenye mizizi. Ilinishika kichwa, ikashika mtungi, na kila nilivyopiga mikono ilinifunika zaidi. Mdomo wa kupumulia ulinitoka. Nilikunywa maji yaliyooza. Kisha kitu kikaingizwa kinywani mwangu kwa nguvu, nikakiuma, hewa ikaja. Ulikuwa mdomo wa kupumulia wa Njoki. Alikuwa amenifuata badala ya kufuata kamba, akanishika kwa mkono mmoja kwenye mkanda na kunipa hewa yake, na ilimpasa aninyang'anye tena ili naye avute, kisha anirudishie, kama tulivyofanya bwawani mara ishirini. Mimi sikumrudishia. Sisemi nilisahau. Niliung'ang'ania kwa meno.

Huko juu injini ya boti ilikuwa imesongwa na gugu, na mkeka mzima wa majani ulikuwa umeisukuma boti mbali nasi. Mzee Ogutu alimwachia mwendesha boti mwisho wa kamba, akajitandaza juu ya gugu kwa tumbo, na kasia moja na panga, akatambaa kuifuata kamba hadi aliposikia mapovu. Alikata shimo. Mkono wake ulikuja ukashika kitu cha kwanza ulichokipata, na kitu hicho kilikuwa mimi. Aliponivuta, Njoki aliachwa bila hewa mdomoni na mkanda wa risasi kiunoni, akazama. Kamba yake ilikuwa imezunguka mwamba, haikuvutika. Nilikuwa nimelala juu ya majani nikitapika, nikamwona Mzee Ogutu akitazama lile shimo, akavua viatu, akaingia na panga mkononi bila miwani, bila mtungi. Sijui alikaa chini muda gani. Aliporudi alikuwa amemshika Njoki kwa nywele, na damu ilikuwa inamtoka Njoki kwenye sikio la kushoto.

Njoki hakufa. Ninaliandika hili mapema ili msomaji asibebe hofu isiyo na sababu. Alipuliziwa pumzi na Mzee Ogutu kwenye boti, akakohoa, akalazwa hospitalini mjini kwa wiki tatu na mapafu yaliyojaa maji machafu. Lakini sikio lilikuwa limepasuka alipozama kwa kasi, na likaota usaha, na daktari akasema kuzamia kumekwisha.

Siku ya pili baada ya ajali Daktari Simiyu aliniita kwenye veranda. Mpishi alikuwa ameleta chai na mandazi. Tulikaa tukitazama gugu. Aliniuliza kama ninapata usingizi, akanimiminia chai mwenyewe, kisha akatoa mfukoni kibomba changu na kukiweka karibu na sahani ya mandazi, taratibu, kama mtu anayerudisha kalamu aliyoazima.

"Mpishi ameokota hiki chooni," alisema. "Adhiambo, kutakuwa na kamati. Watakuuliza ulichokiona ndani ya maji. Hawana haja ya kujua mambo ya kabla ya hapo."

Nilimega andazi, nikaliacha kwenye sahani.

"Najua ule ukuta wetu ni wa mbao," akasema. "Kila mtu ana lake, mama. Mimi sifukui la mtu asiyefukua langu."

Aliniita mama, kama baba anavyomwita binti yake. Nilikunywa chai yote. Nikachukua kibomba nikakiweka kwenye mfuko wa sketi. Nilipofika chumbani nilikaa kwenye kitanda nikitazama kitanda cha Njoki kilichokuwa kimetandikwa bado, na nikafahamu kwamba nilikuwa sijatoka chini ya lile gugu. Kama ningesema nilichosikia, angesema alichookota. Kama nisingesema, mtu aliyeniokoa angebeba yote.

Kamati ilikaa chuoni wiki moja baadaye, katika ukumbi wenye mapazia ya kahawia. Mwenyekiti alikuwa profesa mmoja wa kike, mzee, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni. Mzee Ogutu alikuja na suti. Sikuwahi kumwona na suti. Alieleza kwamba alikataa safari ile, na Daktari akaeleza kwa masikitiko kwamba hakumbuki mazungumzo ya namna hiyo, kwamba msimamizi alijaza mitungi na kushika kamba kwa hiari yake. Mzee Ogutu hakupandisha sauti. Alisema, "Huyu msichana alikuwa upande wa pili wa ukuta. Muulizeni."

Profesa akanigeukia. "Ulisikia mazungumzo yoyote kati yao asubuhi hiyo?"

"Sikusikia kitu," nikasema. "Nilikuwa nimelala."

Mzee Ogutu alinitazama. Hapakuwa na hasira usoni mwake, palikuwa na kitu kama mtu anayejaribu kusoma maandishi madogo. Kisha akatazama mikono yake, akasema, "Basi. Mimi ndiye nilikuwa na kamba." Mwisho wa mwezi alikuwa amefukuzwa kazi.

Nilikuwa nikienda hospitalini kila Jumapili. Mama yake Njoki alikuwa anamletea viazi vilivyopondwa na njahi, maharage meusi ya kwao, kwenye sufuria iliyofungwa kwa kanga, na kila nilipofika alinipakulia kwanza mimi, akinishika shavu, akisema Mungu amewarudisha nyote wawili. Nilikula. Kukikataa kile chakula kungekuwa kukiri, kwa hiyo nilikula nikaomba tena. Jumapili ya tatu mama alitoka kwenda kuongea na nesi, na Njoki, aliyekuwa amefungwa kitambaa kichwani, akanigeuzia upande wa sikio zima.

"Kwa nini uliufungua ugwe?" aliuliza.

Nilikuwa nimeandaa majibu mengi ya swali hilo. Nikamwambia pumu. Nikamwambia swali la sita, choo, taulo, kibomba. Nikamwambia ukuta wa mbao, na veranda, na nilichojibu mbele ya kamati. Nilianza na sikuweza kuacha. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akageuka kuelekea ukutani.

"Yule mzee alinivuta kwa nywele," akasema bila kugeuka. "Nenda ukawaambie. Usirudi hapa kabla hujawaambia."

Nilikwenda Jumatatu. Profesa alikuwa ofisini peke yake akila ndizi. Nilizungumza nikiwa nimesimama, kwa kuwa nilihofu kwamba nikiketi nitapata muda wa kufikiri. Alinipa karatasi niandike yote, nikaandika kurasa tano. Aliposoma aliuliza swali moja: "Unajua utakachopoteza?" Nikasema najua kidogo. Nilirudishwa mwaka mmoja nyuma na kupigwa marufuku kuingia majini katika kazi yoyote ya chuo. Daktari Simiyu alihamishwa, na nilisikia huko alikohamia alipewa cheo. Mzee Ogutu aliandikiwa barua ya kuombwa arudi. Hakuijibu.

Kwa hiyo nilimfuata Ahero. Nilimkuta pembeni ya mfereji wa mashamba ya mpunga, magoti kwenye matope, pampu imefunguliwa mbele yake juu ya gunia. Aliniona nikija kwa mbali na hakuinuka. Nilisimama nikasema niliyokuja kusema. Alikaza nati moja, akaijaribu, akailegeza, akaikaza tena.

"Ile asubuhi," alisema hatimaye, "niliposema hatushuki, ningekaa chini. Ningekaa tu kwenye gati na kamba yangu, wanifanye wanavyotaka. Nilikwenda kwa sababu niliogopa yule wa boti hataishika vizuri. Hilo ni langu, nyathina, mtoto wangu, na ninalala nalo. Lakini kile ulichosema mbele ya wale watu ni chako. Usiniletee mimi nikusaidie kukibeba."

"Barua yao..."

"Nirudi nifanye nini pale? Nisaini fomu?"

Mke wake, Mama Apiyo, alituita kula. Ulikuwa wali wa palepale Ahero na ngege wa mchuzi, na watoto wakituzunguka. Mzee Ogutu alisali, akanisogezea kichwa cha samaki, kama anavyofanyiwa mgeni, na hakusema neno lingine nami hadi nilipoondoka. Sikusamehewa siku ile. Miaka iliyofuata tulisalimiana, akaja harusini kwangu, nikaenda kumwona alipougua, lakini neno lenyewe hakuwahi kulisema, na kadiri ninavyozeeka naona alikuwa sahihi kutolisema kwa ajili tu ya kunifariji.

Desemba ya mwaka huo Profesa aliniambia niende ufukweni na kundi jipya. Nisiingie majini, nikae kwenye gati na daftari, nimsaidie msimamizi mpya kuwakagua wanafunzi kila asubuhi. Nilidhani ni sehemu ya adhabu, na labda ilikuwa. Siku ya pili msichana wa mwaka wa pili, Nafula, alinijia kabla wengine hawajaamka vizuri. Pua yake ilikuwa nyekundu, na pua ikiziba sikio huweza kupasuka chini ya maji. Alisema ni mafua tu, yamekuja jana, na kwamba leo ndiyo siku yake ya kwanza kushuka, ameingoja tangu Januari, na baba yake amesafiri kutoka Bungoma kuja kumtazama.

"Dada, usiandike," alisema. "Tafadhali. Wewe si mwalimu. Wewe ni mwanafunzi kama mimi."

Nilimwambia pole, nikaandika. Alilia mbele ya baba yake na mbele ya wenzake wote, na kwa muda wote tuliobaki pale chuoni hakuwahi kunisalimia. Asubuhi hiyo wenzake walishuka wawili wawili, na yeye akabaki amekaa mwisho wa gati, kanipa mgongo, miguu ikining'inia juu ya maji, akipiga chafya.